Siku ya Kuhesabu Vichwa

Hebu nikuulize: ungekubali mwanao azaliwe mikononi mwa mkunga aliyejifunza kwa kuchungulia tu, nyuma ya migongo ya wenzake?

Usijibu haraka. Mama mmoja, fundi cherehani, naye hakuwahi kujiuliza hivyo. Alichojua ni kwamba binti yake anasoma ukunga katika chuo kikuu cha serikali. Kila asubuhi alifagia kibaraza, akaipaka cherehani mafuta, akaketi kushona makoti meupe ya wanafunzi wa chuo hichohicho.

Binti aliitwa Chiriku tangu utotoni, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini muhula huu Chiriku alinyamaza. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama."

"Kuna mwanamume?"

"Mama, jamani!"

"Basi ongea. Hata cherehani yangu ina maneno kukuzidi."

Chiriku hakucheka. Alitazama viganja vyake.

"Mwezi ujao tunapelekwa wodi ya wazazi. Mdoli wa kujifunzia kuzalisha ni mmoja tu, na sisi tumejaa hadi dirishani. Wa mbele wanamshika. Sisi wa nyuma tunaona migongo. Sijamgusa hata siku moja. Mama, mtoto wa mtu akiniponyoka je?"

Sindano ikamchoma mama kidoleni. Kabla hajapata la kusema, mtu akabisha hodi. Alikuwa msajili wa chuo, amekuja kuchukua makoti. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, nina ombi," alisema. "Keshokutwa bodi inayogawa fedha za vyuo inakuja kuhesabu wanafunzi. Serikali hutupa ruzuku, yaani fedha za kuendesha chuo, kwa kila kichwa kitakachoonekana siku hiyo. Wa masomo mengine wengi wameacha, viti vya ukumbini viko wazi. Vaa koti moja, ukae nyuma. Ni kitambo kidogo tu."

"Mimi? Na mvi zote hizi?"

"Utafunga kitambaa. Tukihesabiwa wachache, umeme utakatwa. Hata mdoli wetu mmoja wa ukunga atakaa gizani. Msaidie binti yako."

Mama akamtazama Chiriku. Chiriku akatazama sakafu.

"Nitakuja," mama akasema.

Msajili alipoondoka tu, pazia la kujaribia nguo likafunguka. Akachomoza jirani yao, mhasibu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Hesabu. Sketi yake ilikuwa imejaa pini.

"Umekubali uongo, na mimi nimesimama hapa nachomwa kiunoni!"

"Ningefanyaje, dada? Ni kwa ajili ya mtoto."

"Nimefanya kazi katika bodi hiyo mpaka nimestaafu. Nisikilize. Nikikulipa bei ileile kwa kila nguo, iwe leso, iwe suti, utashona nini?"

"Leso. Tena rundo zima."

"Ndivyo vyuo vinavyofanya. Mwanafunzi wa chaki na ubao analipiwa sawa na wa ukunga, anayehitaji mdoli, glavu na mwalimu wa kumwelekeza mkono kwa mkono. Kwa hiyo chuo kinarundika watu. Vichwa vinaongezeka, mdoli haongezeki."

"Sasa wasihesabu watu?"

"Wahesabu, lakini isiwe hesabu hiyo pekee. Kila chuo kipate fungu la kudumu, linalojulikana miaka kadhaa mbele, la mishahara na umeme. Hapo hakuna atakayeazima vichwa. Fungu lingine lifuate wanafunzi, lipimwe kwa gharama ya somo lenyewe. Halafu liwepo la ubora: je, wanaomaliza wanaijua kazi? Watoto wa maskini wamesaidiwa wasiache njiani?"

Mama alifikiri kidogo. "Wakilipwa kwa wanaomaliza, si watapitisha hata wasiojua?"

"Hapo umenishika!" Bibi Hesabu akacheka. "Ndiyo maana fungu hilo liwe dogo, na mtihani usimamiwe na watu wa nje. Mgawaji naye awe bodi inayojitegemea, si rafiki wa mkuu wa chuo. Na matumizi yabandikwe ukutani, kila mtu asome."

"Mbona hamkusema mlipokuwa kazini?"

"Tulisema. Tukaambiwa madarasa yamejaa, kuna shida gani? Njoo unitoe pini hizi."

Siku ya kuhesabu ikafika. Mama alikaa kiti cha nyuma ukumbini, koti jeupe limemshika shingoni, jasho linamtiririka mgongoni. Kando yake alikaa kinyozi wa njia panda, naye kavishwa koti linalombana makwapa.

"Nikiulizwa somo nitasema nini?" kinyozi alinong'ona.

"Nyamaza, usituaibishe."

Afisa wa bodi alipita safu kwa safu, kalamu mkononi. Alikuwa mwanamke asiyetabasamu. Moyo wa mama ulipiga kama cherehani iliyoachiwa. Akisema kweli, huenda ruzuku ikakatwa na darasa la binti yake likafungwa. Akinyamaza, mwezi ujao Chiriku atapokea mtoto wa watu kwa mikono isiyojua kitu.

"Mwaka wa ngapi?" afisa akamuuliza.

Mlangoni, msajili alitikisa kichwa polepole. Safu ya mbele yake, Chiriku aligeuka, uso umempauka.

Mama akasimama.

"Mimi si mwanafunzi. Mimi ni fundi wa nguo. Nimekuja kujaza kiti."

Vichwa vyote vikageuka.

"Na mimi nina mteja, nusu ya kichwa bado," kinyozi akasema.

Afisa akafunga kalamu. "Unajua chuo kinaweza kupoteza ruzuku?"

"Najua. Lakini mkiikata, mtawaadhibu watoto hawa. Wanakwenda kuzalisha na hawajashika hata mdoli. Mkilipia vichwa, mtaletewa vichwa. Lipieni mafunzo yenyewe."

Msajili akasogea mbele, akavua miwani.

"Anasema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nimechoka kuazima watu."

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Msajili aliitwa kujieleza, akaonywa vikali. Lakini bodi haikukata ruzuku, na wanafunzi hawakupelekwa wodini kabla ya kufanya mazoezi. Wazazi na walimu wakaitwa mkutanoni, na Bibi Hesabu akazungumza mpaka sauti ikamkauka. Mwaka uliofuata fedha zikagawanywa kwa utaratibu mpya. Madarasa ya ukunga yakapungua watu, midoli ikaletwa, kila kikundi kidogo na wake. Kwenye ukuta wa lango yakabandikwa matumizi ya chuo, na watu wakasimama kuyasoma. Chiriku akafanya mazoezi hadi mikono ikaizoea kazi.

Siku aliyokwenda wodini kwa mara ya kwanza, mama alishona mshono mmoja, akaufumua, akaushona tena. Mchana Chiriku akaingia. Alisimama mlangoni, koti jeupe bado mwilini.

"Vipi?" mama akauliza.

"Amelia, mama. Mtoto amelia kwa nguvu, wodi nzima ikamsikia. Mkunga mkuu alisimama pembeni tu. Nimempokea mimi."

Mama akaweka mshono chini. Chiriku akapiga magoti mbele yake.

"Nilikuwa nataka kuacha chuo, nikaogopa kukuambia. Sasa nataka wodi ileile. Nataka kuwa mkunga, mama."