Chema Chajiuza

Kila asubuhi Yusta alifika dukani kabla ya wenzake. Lilikuwa duka kubwa la vyakula mjini Korogwe. Alipokea mzigo, akapanga rafu, akaweka mbele bidhaa zinazokaribia kuisha muda. Wateja walimwita "meneja". Hakuwa meneja. Kwa miaka tisa alikuwa muuzaji tu.

Meneja alipohama, Yusta alingoja aitwe. Mama yake alimlea kwa neno hili: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi hakusema kitu. Alizidisha bidii, akangoja.

Aliyeitwa ni Sabiri. Yusta ndiye aliyemfundisha Sabiri kupokea mzigo.

Siku hiyo alirudi nyumbani, mtaa wa Masuguru, amekata tamaa kabisa. Alipita kwa jirani yake, mama Rhoda, aliyewahi kusimamia duka la ushirika.

"Shikamoo, mama. Mimi nitazeekea kwenye rafu."

"Marahaba. Hicho cheo uliomba?"

"Niombe? Si kujipendekeza huko? Tajiri anaona."

"Tajiri ana maduka matatu na macho mawili," mama Rhoda alisema. "Sukari ni njema. Mbona hamuiachi stoo?"

"Nani ataiona huko?" Yusta alijibu.

"Haya, andika barua. Taja kazi unazofanya, moja moja. Taja na usizozijua, uombe kufundishwa. Omba pia kushika nafasi ya meneja akienda likizo. Huko si kujipendekeza, mwanangu. Ni kujitambulisha."

Yusta aliandika huku analia. Miaka tisa ilimuuma. Tajiri, mzee Mhina, aliisoma barua mara mbili.

"Mbona hukusema? Nilidhani umeridhika."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Hata hivyo alifundishwa kupanga zamu na kuandika ripoti. Sabiri alipokwenda likizo, Yusta alishika nafasi, na duka halikuyumba. Mwaka uliofuata akapewa umeneja wa duka jipya.

Alipanda kijijini kwao, Kwashemshi, kumpa mama yake habari. Mama alikuwa amezeeka kwa vibarua katika mashamba ya watu. Hakuna aliyemshinda kwa kazi. Hakuwahi kuwa hata mnyapara, wala hakuwahi kuomba.

Mama alifurahi, akamshika mikono.

"Si nilikuambia, mwanangu? Chema chajiuza."

Yusta alitaka kumweleza habari za barua. Akaitazama mikono ile iliyojaa sugu, akakosa nguvu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Uliniambia."