Kikopo cha Shani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabaha alipita Kariakoo na kiroba chake, akawaomba akina mama wa mboga majani ya karoti na maganda ya mahindi waliyoyatupa kando. Wote walimjua. "Mpelekee mwenyewe," walimtania, "na umwambie Idi hii wanetu wapande kwanza!"

Huyo "mwenyewe" alikuwa Shani, farasi mweupe wa baba yake, Mzee Mwinyimvua. Shani ndiye aliyewabeba mabwana harusi, na sikukuu ya Idi aliwazungusha watoto pale Mnazi Mmoja huku wazazi wakipiga picha. Nyumba yao ya Ilala, kuanzia unga hadi sare za shule, ilimtegemea yeye.

Lakini mwaka huo Shani alianza kukonda. Alimaliza majani yote, akalamba na pumba mpaka ya mwisho, na bado mbavu zilionekana. Manyoya yake yalikuwa yamefifia. Mzee Mwinyimvua alinunua dawa ya minyoo dukani, akakadiria kipimo kwa macho kama alivyozoea, akamnywesha. Haikusaidia kitu. Ndipo akamwita Daktari Josepha, daktari wa mifugo.

"Tusimpe nyingine kwa kubahatisha," daktari alisema. "Dawa ikitolewa ovyo, minyoo huizoea, na siku ya shida haifanyi kazi. Kwanza nileteeni kinyesi chake cha kesho asubuhi. Nitakitazama kwa darubini, nione kama kina mayai ya minyoo." Akatoa kikopo kidogo chenye mfuniko. "Kiwe kibichi, tafadhali. Kilichokaa, mayai yake huharibika, kitatudanganya."

Kesho yake Mzee Mwinyimvua alitoka alfajiri kwenda kukata majani bondeni Jangwani, akamwachia Sabaha kazi hiyo. Sabaha akasimama nyuma ya farasi, kikopo mkononi, akisubiri. Shani hakuwa na haraka yoyote. Alitafuna, akapunga mkia, akaendelea kutafuna.

"Sabaha! Tunachelewa!" Sauti ya Elieshi ikasikika langoni.

Sabaha alikificha kikopo nyuma ya mgongo. Elieshi alikuwa mgeni darasani, msichana nadhifu ambaye viatu vyake viling'aa hata siku za mvua. Wapo wanafunzi waliomwita Sabaha "Bibi Kinyesi", na yeye aliomba usiku na mchana jina hilo lisimfikie rafiki yake mpya. Halafu leo amkute anachungulia mkia wa farasi!

Pembeni palikuwa na gunia la samadi iliyokauka, ikimsubiri muuza maua. Sabaha aliichota kidogo kwa kikopo, akainyunyizia maji mpaka ikalainika na kuonekana mbichi, akafunga mfuniko. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, kisha akakimbilia langoni akitabasamu kama mtu asiye na neno.

Majibu yalipokuja, hayakuonyesha yai hata moja. Mzee Mwinyimvua alimshukuru Mungu. Sabaha naye alijituliza: kumbe farasi hana minyoo, basi aliyoyafanya hayakumdhuru mtu. Hata hivyo kila alipompelekea Shani majani, alishindwa kumtazama usoni.

Alasiri moja Sabaha na Elieshi waliporudi kutoka shuleni, walikuta lango wazi. Shani alikuwa amelala chini, jasho likimtiririka. Aligeuza kichwa kuutazama ubavu wake, akajikokota kuinuka, akaanguka tena. Mzee Mwinyimvua alishika hatamu. Daktari Josepha alikuwa amepiga magoti, akisikiliza tumbo.

"Minyoo haiwezi kuwa, maana kipimo kilikuwa safi," daktari alisema. "Basi itakuwa mchanga aliokula pamoja na majani. Nitamtibu hivyo."

Sabaha alikumbuka lile gunia la samadi. Elieshi alikuwa palepale, bega kwa bega naye. Angesema, rafiki yake angejua yote. Angenyamaza, Shani angetibiwa ugonjwa ambao si wake. Shani akakoroma kwa maumivu, na Sabaha hakuweza tena.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Subiri kidogo, mwanangu."

"Siwezi kusubiri. Kile kinyesi hakikuwa kibichi. Nilikichota kwenye gunia lile, nikakitia maji."

"Sabaha?" baba yake alisema, basi. Jina lake mwenyewe lilimuuma kuliko kofi.

Daktari hakumfokea. "Umenisaidia kwa kusema kabla sijaanza," alijibu, akamchoma Shani sindano ya kutuliza maumivu. "Sasa nahitaji kinyesi chenyewe."

Sabaha alipogeuka kutafuta kikopo, alimkuta Elieshi amekunja mikono ya shati. "Kinyesi kipya kile pale kwenye kona, bado kinafuka."

"Utachafuka!"

"Mimi? Likizo nikienda Machame kwa bibi, nazoa kinyesi cha ng'ombe kila siku. Hebu lete kikopo, bwana!"

Sabaha hakujua acheke au alie. Akafanya vyote viwili.

Kabla ya magharibi daktari alipiga simu: mayai ya minyoo yalikuwa tele. Shani alipopata nafuu, daktari alimzungushia utepe kifuani ili akadirie uzito wake, kisha akampa dawa ya aina nyingine kwa kipimo kinachomtosha. "Mzee wangu, jicho lako lilimpunja," alimwambia Mzee Mwinyimvua. "Dawa kidogo haiimalizi minyoo. Na majani yake usiyamwage tena chini penye kinyesi, mtengenezee hori." Mzee Mwinyimvua aliinamisha kichwa, akakubali.

Idi ilipokaribia, daktari aliagiza kinyesi kingine, ahakikishe kuwa dawa imefanya kazi. Safari hii Sabaha alisubiri nyuma ya Shani huku lango likiwa wazi. Wanafunzi wawili walipita, wakaita, "Bibi Kinyesi!" Akawapungia mkono kwa kikopo chake, akaendelea kusubiri. Majibu yalikuja safi, na siku ya Idi, pale Mnazi Mmoja, mtoto wa kwanza kupanda mgongo wa Shani alikuwa Elieshi.

Mzee Mwinyimvua aliwatazama wakizunguka, kisha akamvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, hata mimi nilikosea, nilijifanya najua kipimo," alisema. "Lakini Shani hana mdomo wa kutuambia anaumwa wapi. Kikopo kile ndicho kilichokuwa mdomo wake, nawe ukamsemea uongo. Uchafu wa mkononi ungeondoka kwa maji na sabuni. Uongo wako ulitaka kuondoka na Shani."

Sabaha aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Kisha akaenda kuishika hatamu, kwa maana foleni ya watoto ilikuwa ndefu.