Chota Unavyotaka

Pampu ilianza kuguruma mchana kweupe, na hakuna bomba lililokuwa wazi.

Verna Stroud alikuwa mezani ndani ya trela lao akimenya viazi. Mumewe Harlan alikuwa amejilaza kitandani, hatua nne tu kutoka pale. Walikuwa wawili, basi. Na pampu ya trela haiwaki yenyewe, inawaka mtu akifungua bomba. Verna akanyanyuka akashika bomba la jikoni, limefungwa. La bafuni, limefungwa. Pampu ikaguruma weee, ikanyamaza, kisha chini ya sakafu akasikia mtu anameza. Gudu, gudu, gudu. Ikapanda harufu ya udongo uliolowa mvua, na mvua huko Arizona ilikuwa haijanyesha tangu wafike.

"Harlan, umesikia?"

"Maji," Harlan alisema kwa sauti iliyokauka. "Nipe maji, mke wangu."

Lilikuwa jagi la tano tangu asubuhi. Midomo imepasuka, ulimi umevimba, mikono iliyokuwa minene wiki iliyopita imebaki ngozi na mishipa. Siku mbili nyuma Lurleen, jirani wa trela namba moja, aliwapeleka zahanati mjini. Harlan akatundikiwa dripu mbili, akachangamka, akaanza kuwatania manesi. Daktari akataka alale pale, yeye akakataa katakata, mbishi yule! Jua halijazama alikuwa amekauka tena.

Na tangi? Wastaafu hawa wanaokimbia theluji ya kwao Minnesota wanajua kubana maji, mtu anaosha sahani mbili kwa kikombe kimoja. Tangi la kutosha wiki mbili lilikuwa karibu kukauka kwa siku tatu. Hata rejeta ya gari lao ilikutwa haina tone. Simu haina mtandao. Kulikuwa na redio za mkononi tu, ambazo kila asubuhi saa moja Lurleen alizitumia kuita namba za trela nne za kambi, mmoja mmoja ajibu kwamba ni mzima.

Verna akambonyezea Odell wa namba nne. "Odell, njoo. Harlan ananifia."

Odell Pruitt alikuwa mjane, mchimba visima mstaafu, mtu wa kutafuta maji kwa nyaya mbili zilizopinda. Kambini walimcheka sana kwa nyaya zile. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Alipozishika kando ya trela zilikutana zenyewe, zikamfuata mtu asiyeonekana kutoka tairi la mbele hadi la nyuma.

"Miaka arobaini nachimba," alinong'ona, "sijawahi kuona maji yanayotembea."

Akapiga magoti kuchungulia uvunguni. Mchanga mkavu kama unga. Kisha akaona mawe bapa ambayo Harlan aliyaweka chini ya jeki ili trela likae sawa.

"Harlan! Haya mawe umeyatoa wapi?"

"Pale korongoni," Harlan akajibu kwa shida dirishani. "Yalikuwa yamepangwa vizuri, nikasema leo nina bahati."

"Yamepangwa! We mzee wewe, jangwani nani anapanga mawe kwa kujifurahisha?"

Alikuwa amebomoa kaburi. Odell na Verna waliyarudisha kwa ndoo, safari baada ya safari, migongo inawawaka, wakayapanga juu ya tuta refu la mchanga pale korongoni. Odell akamimina juu yake dumu zima la maji yake mwenyewe. Mchanga ukayanywa hata usibaki unyevu. Walipomaliza, jua lilikuwa linazama.

Wakiwa njiani kurudi, Odell akauliza, "Siku mliyofika, kuna mtu aligonga kwenu?"

Verna akasimama. Ndiyo, mtu aligonga. Jioni ile alikuwa anakaanga nyama, akasikia mlango na sauti iliyokwaruza: "Mama, una maji?" Akadhani ni Odell mwenye mafua. Kambini mtu hanyimwi maji, hilo kila mmoja analijua. Akajibu bila hata kugeuka, akicheka: "Bomba liko hapo nje, chota unavyotaka, wala usiulize tena!"

Odell alivua kofia, akaipiga pajani, akaivaa tena.

"Basi mawe hayatoshi. Umelikaribisha, Verna. Jini lililokaribishwa haliondoki mpaka lishibe, au likaribishwe pengine. Na hili ni la mtu aliyekufa kwa kiu. Litashiba lini?"

"Nifanye nini, Odell? Nina yeye tu."

"Njia ya mjini ni mchanga mtupu, kwa giza hili gari litazama. Alfajiri nawatoa mwenyewe mpaka hospitali. Shika dumu langu hili jingine, mnyweshe polepole. Mimi usinihofie, tangi langu limejaa, naoga kwa kitambaa kama paka." Akamgusa bega, akaenda zake. Walikuwa nje, Harlan hakusikia neno.

Verna akaketi kitandani na dumu magotini, amelifunga kifuniko kwa nguvu zake zote, na akaona kwa macho yake maji yanashuka, na ubavu wa dumu unabonyea ndani kama shavu la mtu anayefyonza, likabonyea mpaka likakunjika, na Harlan akafumbua mdomo kulia machozi yasitoke, na akamfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama vilevile isirudi, na ile gudu, gudu aliyoizoea chini ya sakafu haikutoka tena chini ya sakafu, ilitoka kooni kwa mumewe.

Mlango ukagongwa.

"Mama, una maji?"

"Yamekwisha," Verna akalia. "Wallahi yamekwisha! Mwache mume wangu!"

Harlan akakoroma, akanyamaza, akakawia mno kuvuta pumzi. Verna akamtazama. Miaka arobaini na mmoja wameishi wote. Akauweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Nenda namba nne," alisema. "Tangi lake limejaa. Chota unavyotaka."

Changarawe zikalia nje, hatua kwa hatua, zikielekea kwa Odell. Paji la Harlan likatoka jasho, jasho la kweli. Verna akachukua redio. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, kisha akairudisha mezani, akaenda kumfuta mumewe uso. Aliona haya, na alifurahi, na furaha ndiyo iliyomtisha zaidi.

Asubuhi Harlan alikuwa ameketi, mashavu yamejaa, anauliza mayai. Odell hakuwa ametokea. Saa moja redio ikalia.

"Namba tatu?" Lurleen aliuliza.

Harlan akaidaka mwenyewe. "Wazima, jirani, na njaa inaniuma!"

"Ee Mungu asante! Namba nne?"

Kupitia dirishani Verna alisikia pampu ya Odell inaguruma, inaguruma tu.

"Odell, amka, mzee."

Redio ikakwaruza. Sauti ilikuwa ya Odell, imekauka.

"Mama, una maji?"

Verna aliruka, lakini meza ilikuwa katikati, na Harlan, mtu mkarimu tangu ujana wake, tayari alikuwa amebonyeza kitufe, anacheka.

"Sisi hatuna hata tone, bwana! Lakini Lurleen anayo, na kambi hii yote ni yako. Pita popote, chota unavyotaka!"