Sufuria ya Kungoja

Siku hiyo watu walijaa kwenye kaunta ya mafundi wa vyombo vya umeme mpaka wengine walipitisha feni zao juu ya vichwa vya wenzao. Kaunta ilikuwa chini kabisa ya jengo la maduka, kati ya duka la viatu na ngazi, na kelele zake zilikuwa za drili, redio tatu na watoto wanaolia. Katikati ya msongamano huo alisimama fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na minane, amevaa gauni la maua madogo ya zambarau alilolishona mwenyewe, lenye kola nyeupe, na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Kifuani alikumbatia pasi kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Ina nini?" aliuliza fundi aliyekuwa nyuma ya kaunta, kijana mrefu mwenye koti la buluu lililotoboka matundu ya kuungua mikononi. Wenzake walimwita Fyuzi. Alikuwa mpole, ila akiudhika alikatika mara moja, na humwashi tena mpaka apoe.

"Haina kitu."

"Haina kitu, na umeileta kwa fundi?"

"Nikiizima, sijui kama imezimika."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Dada, hiyo kesi ya daktari!" alisema mzee mmoja mwenye redio.

Fyuzi hakucheka. "Unarudi kuiangalia mara ngapi?"

"Tatu," alijibu kwa sauti ya chini. "Kazini ndilo jina langu. Mara Tatu."

Fyuzi akaifungua pasi, akaipachika taa ndogo nyekundu kwenye mpini. "Ikiwaka, ina moto. Ikizimika, nenda zako kwa amani. Niandikie namba yako ya simu hapa."

"Ya nini?"

"Taa ikikusumbua."

"Na isiponisumbua?"

"Basi nitakusumbua mimi."

Ndivyo walivyoanza. Kila jioni simu ililia wakati Mara Tatu anafunga chumba cha ushonaji.

"Umefunga, mpenzi?"

"Nimefunga."

"Umerudi mara ngapi?"

"Mbili."

"Maendeleo hayo! Ukifika moja nakuoa."

"Nani kakwambia nataka kuolewa na mtu anayenuka risasi ya kulehemu?"

"Pua yako mwenyewe imeniambia. Jana uliiegemeza kwenye koti langu nusu saa nzima."

Walicheka. Lakini kwa nini alirudi mara tatu, hilo Mara Tatu hakuwahi kumwambia. Kila alipofungua mdomo, maneno yalirudi tumboni.

Miezi minane ikapita. Mama yake Fyuzi akalazwa hospitali wiki tano kwa ugonjwa wa tumbo, akatoka mwembamba kama sindano ya kushonea, na daktari akaonya kwamba tumbo lile halina nguvu ya kupigana tena. Ale vyakula laini, vipya, vilivyoiva sawasawa. Jambo la kwanza mama alilotaka ni kumwona mchumba wa mwanawe.

"Jumamosi saa tisa tutakuja kwako," Fyuzi alisema. "Mpikie kuku na tambi. Anapenda."

"Jumamosi niko kazini mpaka saa sita! Kuku laini wa mgonjwa nitampika saa ngapi?"

Fyuzi akatoa kwenye boksi sufuria ya umeme, ile nzito ya udongo unaong'aa, yenye kifuniko cha kioo. "Hii inapika polepole, masaa manane. Unapanga vitu saa moja asubuhi, unawasha, unakwenda kazini. Nusu saa ya mwisho unatia tambi. Ila nisikilize vizuri: ukishawasha, usizime katikati. Kuku akikaa vuguvugu masaa mengi anaharibika, na hata ukija kumchemsha baadaye, ule ubaya haumtoki wote. Umenielewa?"

"Inawaka na mimi sipo nyumbani?"

"Nimeipima kwa mikono yangu. Au huiamini kazi yangu?"

Mara Tatu akameza mate. "Naiamini."

Jumamosi aliamka mapema. Alitandika kwenye kitako cha sufuria kitunguu kilichokatwa duara, karoti, punje nne za kitunguu saumu, juu yake mapaja sita ya kuku aliyoyatoa ngozi. Akatia chumvi, pilipili manga ya kusaga, kijiko cha siagi, supu ya mifupa mpaka ikayafunika. Akafunika, akachomeka, akageuza kitufe. Taa ikawaka. Akatoka, akafunga mlango.

Akarudi. Akatoka. Akarudi. Aligusa ukuta nyuma ya soketi, akagusa meza, akanusa. Akarudi mara ya tatu, halafu ya nne, jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulifanya.

Kazini alishona mkono wa shati kwenye shingo.

"Shoga, una nini leo?" mwenzake wa mashine ya pili alimuuliza. "Unamshonea pweza?"

"Nimesahau uzi nyumbani."

"Uzi? Mbona kabati limejaa—"

Hakumsubiri amalize. Alikimbia, jasho likimchuruzika mgongoni, macho yakitafuta moshi juu ya paa. Hapakuwa na moshi. Sufuria ilikuwa imekaa kimya, inatoa ukungu kwenye kioo. Ilikuwa saa mbili na robo. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukachomoa plagi. Moyo ukatulia, akarudi kazini.

Aliporudi saa sita akachomeka tena, akageuza kitufe mpaka mwisho. Saa nane na nusu kuku aliiva mpaka mifupa ikateleza yenyewe. Akamchambua kwa uma mbili, akatia tambi pana. Nyumba ikanukia. Akavaa gauni la kijani lenye vifungo vya kitambaa, akajiambia: kimechemka, kimeiva, nani atajua?

Mama alifika akimshika Fyuzi mkono, amevaa koti la sufi ijapokuwa jua lilikuwa kali. "Ndiye huyu?" akasema, akimtazama kuanzia kola mpaka viatu. "Pindo limenyooka. Mwanangu, huyu hana papara."

"Karibu, mama. Keti hapa, kuna mto."

Akapakua bakuli tatu. Mvuke ukapanda. Mama akachota, akapuliza taratibu, mara moja, mara mbili. Mkono wake ulikuwa na alama za sindano za hospitali, bado za samawati. Mara Tatu aliziona zile alama, na sauti ya Fyuzi ikamrudia masikioni: ule ubaya haumtoki wote. Kijiko kilikuwa kimefika kwenye mdomo wa chini.

"Usile!"

Alikipiga kile kijiko kikaruka mpaka dirishani. Akanyakua bakuli, moja, mbili, tatu, akazimwaga zote kwenye ndoo ya taka, na kilichobaki kwenye sufuria akakifuatishia. Mbele ya gauni lake pakalowa supu.

Kisha mama akasimama, akifunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Nimeishi miaka sitini na mitatu. Sijawahi kunyang'anywa chakula mdomoni. Twende, mwanangu."

"Kuna nini?" Fyuzi aliuliza. "Sema basi!"

"Kimeharibika."

"Kimeharibikaje? Kinanukia mpaka barabarani. Sufuria nimeipima mwenyewe!"

Ingebidi aseme niliichomoa. Ingebidi aseme kwa nini. Ulimi ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. "Kimeharibika tu," alisema, na Fyuzi akakatika. Alionekana usoni alivyozimika. Alimshika mama yake mkono, wakashuka ngazi.

Siku tano simu haikulia. Mara Tatu hakula vizuri. Kila alipofumba macho aliona kijiko kikikaribia mdomo, na safari hii hakuwahi kukipiga. Siku ya sita, wakati wa mapumziko ya mchana, mwenzake alimsukumia simu mezani.

"Piga. Ukiogopa, piga huku unaogopa. Mimi nitakaa hapa nakula, sisikii kitu."

Ililia mara saba.

"Nakusikia," Fyuzi alisema, kavu.

"Niliichomoa."

"Nini?"

"Sufuria. Saa mbili na robo mpaka saa sita. Kuku alikaa vuguvugu."

Upande wa pili drili ikazimwa. Fyuzi alivuta kiti, akakaa. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu aliyeona gari likipita hatua moja mbele ya mama yake. "Kilikuwa mdomoni. Kilikuwa mdomoni kabisa. Kwa nini hukusema?"

"Ungesema siiamini kazi yako."

"Na huiamini?"

"Kazi yako naiamini. Siuamini moto." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi alinituma nichomoe pasi. Nilikuwa nacheza. Aliponiuliza nikasema nimechomoa. Sikuchomoa. Chumba kikaungua, na shangazi aliingia kunitafuta, kumbe mimi niko nje. Mpaka leo mkono wake wa kulia haufungi ngumi. Hajawahi kunilaumu, kwa sababu hajui. Wewe ndiye wa kwanza kujua."

Mwenzake, aliyekuwa hasikii kitu, alikuwa ameacha kutafuna.

"Jumapili uko wapi?" Fyuzi aliuliza.

"Nyumbani."

"Usitie kitu kwenye sufuria. Nakuja saa moja."

Alikuja na mapaja sita ya kuku, tambi, na shati safi lisilo na tundu hata moja. Walipanga kitunguu na karoti pamoja, wakawasha, wakaketi mbele ya ile sufuria kama watu wanaomngoja mgonjwa. Saa ya kwanza Mara Tatu alishika makali ya kiti. Saa ya pili aliinuka kugusa ukuta mara tano, na Fyuzi akagusa naye, bila kumcheka. Saa tano walifunga mlango, wakatembea mpaka kona ya barabara, penye pipa la taka la mtaa.

"Nyuma yetu kuna moshi?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna."

"Geuka uangalie vizuri."

"Nimegeuka, kipenzi. Hakuna. Mkono wako umelowa kama umefua."

"Ninaogopa."

"Najua. Hata mimi, tangu siku ile ya simu, naota kijiko." Akasimama. "Sitakwambia uache kuogopa. Nataka tu uogope ukiwa na mimi. Mara ya kwanza urudi mwenyewe, ya pili mwenyewe, ya tatu turudi wote, mpaka tuzeeke. Utanikubali?"

"Unaniposa kando ya pipa la taka?"

"Pipa si lilishapokea kuku wetu? Ni shahidi."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Nimekubali. Sasa turudi tukaangalie sufuria."

Saa tisa mama aligonga. Kwa simu mwanawe alikuwa amemweleza habari ya plagi, si ya shangazi. Hiyo alimwachia Mara Tatu mwenyewe. Mama aliketi, akafungua mkoba, akatoa kijiko kilichofungwa kwenye leso.

"Nimekuja na changu," alisema. "Hiki nakishika kwa mikono miwili. Chakula kimekaa masaa manane?"

"Manane kamili, mama."

"Hukuchomoa?"

"Sikuchomoa."

Mama akachota, akapuliza, akala. Mara Tatu alilitazama koo lake mpaka tonge liliposhuka.

"Chumvi imepungua," mama alisema. "Niongezee tambi."

Jioni walimsindikiza. Mlango ulifungwa, wakashuka ngazi. Kwenye ngazi ya sita Mara Tatu akasimama, uso umebadilika. Plagi aliichomoa mwenyewe, aliiona kwa macho yake, lakini miguu ilikataa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Mama mkwe akajiegemeza kwenye reli, akaweka mkoba chini. "Nenda kaangalie, mwanangu," alisema. "Mimi nitangoja hapa."

Akageuka kupanda, na Fyuzi alikuwa ameshatangulia, funguo mkononi.