Dakika Kumi na Moja za Bi Philomène

Alhamisi, saa sita na dakika tano mchana, Kilian alifungua friji ya Bi Philomène Chabrier, akachungulia, akaifunga, akaifungua tena kama mtu asiyeamini macho yake.

"Kopo halipo," alisema.

Huguette Fayolle aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Kwa miaka ishirini na miwili, katika filamu zote za Séverine Aubazac, kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu: saa, dakika, kifungo kipi kiko wazi, mvinyo umebaki kiasi gani kwenye glasi. Basi akaandika: 6:05, kopo halipo.

Kopo lile halikuwa la mchezo. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa filamu wa dakika kumi na moja, ambao ulikuwa haujasafishwa bado, umewekwa kwenye friji usiharibiwe na joto. Ukipigwa na mwanga tu, umekwisha. Jumatatu Séverine, mwongozaji wao, alimkalisha Bi Philomène, mwenye miaka themanini na minane, mbele ya mto wake wa kusukia lesi. "Fanya kazi yako, bibi," alimwambia, kisha akanyamaza. Ndivyo alivyo Séverine: haamrishi, hahimizi, anangoja tu. Vijiti vya uzi vikaanza kupishana kwenye vidole vya bibi, macho ya watu yasiweze kuvifuata, na katikati ya kazi bibi akaanza kusema mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Huguette ameshawaona waigizaji wakubwa wakilia machozi ya kweli, lakini siku ile, Mungu wangu, alisahau hata kuangalia saa! Kilian, msaidizi wa kamera, mwanaume mzima mwenye ndevu, alilia kama mtoto.

Jumanne bibi alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao ukawa mzito. Kurudia, hakuna tena.

"Hakuna kutoka," Huguette alisema. Dereva aliyekuja kuchukua kopo kulipeleka Paris aliambiwa asubiri uani. Séverine aliketi kwenye ngazi, uso umemsawijika. Nyumbani mlikuwa na watu watano tu, na Huguette aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha lesi, mlango umefungwa.

Alianza na Anselme, fundi sauti. Asubuhi ile walikuja kwa ajili yake: alitaka kurekodi ukimya wa nyumba, maana kila nyumba ina ukimya wake.

"Saa tano na nusu nilichomoa friji ya jikoni," Anselme alisema. "Inanguruma kama trekta. Nikatupia funguo za gari mlangoni mwa friji, penye maziwa, kama kawaida yangu, nisije nikaondoka bila kuichomeka tena. Saa sita kamili nikachukua funguo, nikachomeka waya, basi."

"Kopo uliliona?"

"Dada, nikishavaa vile vidude vya masikioni simwoni hata mke wangu. Nilitia mkono nikatoa funguo, kwisha."

Akafuata Kilian.

"Saa tano na dakika ishirini nimebandika karatasi ya jina. Kopo lilikuwepo, rafu ya juu. Halafu nikaenda garini kufunga lenzi. Saa tano na dakika hamsini na tano nikaingia jikoni kunywa maji ya bomba. Friji sikuigusa."

"Jana uligombana na Séverine."

"Niligombana, ndiyo! Nilimwambia si haki kuwaonyesha watu maneno ya mgonjwa asiyeweza tena kusema anataka au hataki. Na leo nasema vilevile. Lakini kuiba? Mimi?"

Wa mwisho alikuwa Bi Odile, binti wa Bi Philomène, miaka sitini na mmoja, ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba ile zaidi ya wiki. Alikuja akijifuta mikono kwa aproni.

"Saa tano na dakika hamsini niliingia kuchukua maziwa ya kahawa," alisema. "Nikafungua friji, taa ikawaka, kopo lenu hilo hapo na utepe wake wa njano. Baada yangu akaingia huyo mwenye ndevu. Mimi sisemi kitu."

Alipotoka aliyarudia mbele ya wote, na maneno hayo yalitosha. Anselme alimrukia Kilian kwenye korido. "Mnafiki we! Ulijiona una dini kuliko sisi sote?" Kilian alimtazama Séverine amtetee, lakini Séverine hakuinua macho. Miaka tisa ya kazi pamoja ilikuwa inakatika pale pale.

Huguette alisoma daftari lake toka mwanzo, kidole kikifuata mistari. Kisha akaenda jikoni, ambako Bi Odile alikuwa anakoroga dengu. Wengine wakamfuata.

"Bi Odile, yale maziwa uliyatoa wapi?"

"Mlangoni mwa friji. Yakae wapi tena?"

"Na taa iliwaka?"

"Si nimeshakwambia?"

"Friji ilikuwa imechomolewa tangu saa tano na nusu, mama. Taa isingewaka. Na hapo penye maziwa palikuwa na funguo za Anselme, rundo kubwa kama ngumi, wewe hukuziona. Hukufungua friji saa hiyo. Ulikuwa umeshalichukua kopo mapema, kabla ya saa tano na nusu, Kilian alipokwenda garini. Ukasogeza saa mbele ili lawama imwangukie yeye."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Umelifungua?" aliuliza Séverine. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza mchana ule.

Bi Odile alifungua kabati la mashuka, akatoa kopo, akalikumbatia. Utepe ulikuwa umebanduliwa nusu. Kidole gumba kilikuwa kimeshaingia chini ya mfuniko.

"Jumatatu nilisimama nyuma ya mlango huu wa kioo, unaoingia chumba cha lesi," alisema. "Nilisikia yote. Kwamba mama alikuwa mkali kwa sababu aliogopa. Kwamba hakuwahi kujua namna ya kumwambia mtu anampenda. Miaka sitini na mmoja nimekula naye meza moja, hajaniambia hata nusu ya hayo! Kaja mgeni kutoka Paris, kakaa kimya dakika kumi na moja, kapewa yote. Basi nikasema, kama si yangu, yasiwe ya mtu. Hata hospitali sijaenda tangu walipomchukua. Nikamwambie nini?"

Kilian akasogeza mguu. Séverine alimzuia kwa mkono, akaketi mezani.

"Ukifungua, yanakufa," alisema taratibu. "Ukinipa, utaona wewe kwanza, peke yako. Ukisema yasionekane na mwingine, hayataonekana."

Kisha akangoja. Huguette aliangalia saa: dakika nne nzima, hakuna aliyekohoa. Mwishowe Bi Odile akaubandika utepe mahali pake, akalisukuma kopo mezani. "Nisamehe," alimwambia Kilian. Kilian alilichukua kopo kwa mikono miwili.

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, mkanda ukiwa umeshasafishwa, Bi Odile aliketi peke yake mbele ya kitambaa cheupe katika sinema ndogo ya mji wa Le Puy. Huguette alisimama nyuma kuwasha na kuzima taa. Vidole vilitokea, vikubwa kuliko watu, na vijiti vikaanza kupishana. Dakika ya sita kamera ilipanda usoni, na bibi akaanza kusema.

Hakuwa anaitazama kamera. Hakumtazama Séverine wala mtu yeyote mle chumbani. Macho yake yalikuwa juu ya vichwa vyao, yametulia mahali pamoja, na ndani ya macho yale makubwa, yenye maji, Huguette aliona mwanga wa mraba: mlango wa kioo wa jikoni, na kivuli cha mtu kimesimama nyuma yake. Bibi alikuwa anamwambia mtu huyo, neno kwa neno, mikono ikiendelea kusuka.

Bi Odile alisimama kabla mkanda haujaisha.

"Hospitali wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nipeleke," alisema, koti likiwa limevaliwa mkono mmoja. "Anadhani sikusikia."