Kikohozi cha Sufi

Katika karakana ya magodoro kila mtu alikohoa, na hakuna aliyeshangaa. Sufi ya kujazia magodoro ni nyepesi. Ukiichambua inaruka, inaingia puani, inanasa kwenye kope. Jioni wafanyakazi walitoka na nywele nyeupe, vijana wakafanana na babu zao.

Mwenye karakana aliitwa Mama Mkubwa. Jina hilo alipewa na mtoto wa mdogo wake, wafanyakazi wakalidaka, likamkaa. Alikuwa mchapakazi, mkali kidogo, na akishasema, jambo limekwisha. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu kujibiwa, alisema, "Fungeni madirisha!" Upepo ukiingia, sufi inaruka nje, na hiyo ni hasara. Basi madirisha yalifungwa kutwa nzima. Watu wakashona, wakajaza, wakapiga soga, wote wakivuta hewa ileile.

"Fundi wa magodoro asiyekohoa bado anajifunza," alisema mkata vitambaa mmoja. Walimwita Wakili kwa sababu hakuna jambo ambalo hakulibishia. Watu wakacheka, kisha wakakohoa.

Mdogo wake Mama Mkubwa alifanya kazi humo humo. Aliitwa Kitinda, maana alikuwa kitinda mimba wa kwao. Kazi yake ilikuwa kujaza sufi. Alikuwa na binti wa miaka sita, mwenye maneno mengi hata akaitwa Chiriku. Wote watatu waliishi nyumba moja, ng'ambo ya barabara.

Kikohozi cha Kitinda hakikuwa kama cha wenzake. Wenzake wakipumzika nyumbani walipata nafuu. Yeye alikohoa hata siku za mapumziko. Usiku alilowa jasho. Mwili ulipungua, sketi zake akazikaza kwa pini.

"Ni sufi tu," alisema Mama Mkubwa, akampa chai ya tangawizi. "Hata mimi nilipoanza kazi nilikohoa hivyo hivyo."

Siku moja jirani yao alibisha hodi karakanani. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa hiyo watu walimwita Bi Hodi. Alimsikia Kitinda akikohoa, akamvuta Mama Mkubwa pembeni.

"Jirani, huyu ana muda gani anakohoa?"

"Ah, tangu mvua zile."

"Basi ni muda mrefu. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu apimwe makohozi. Huenda ni kifua kikuu. Kipimo ni bure, na dawa ni bure."

Mama Mkubwa alitazama mlangoni kama kuna mteja anayesikia.

"Jirani, nakuheshimu," alisema. "Lakini jina hilo usiliingize humu. Wateja wakilisikia, nani atalalia magodoro yangu? Hapa watu wanakohoa sufi."

Bi Hodi aliondoka. Baadaye kituo cha afya kilituma mtu akabandika karatasi mlangoni: "Fungueni madirisha. Kohoeni kwa kuziba mdomo." Mtu yule hakuingia ndani. Karatasi ilikaa mlangoni, na madirisha yakabaki yamefungwa.

Kitinda mwenyewe alikwenda kituoni mara moja. Alifika mchana, baada ya kumaliza godoro lake. Akaambiwa makohozi hupokelewa asubuhi tu, arudi kesho. Kesho yake kulikuwa na kazi ya magodoro ya bweni la shule.

"Dada, niende kwanza nikapime?"

"Tumalize ya shule kwanza, mdogo wangu. Wiki ijayo nitakupeleka mwenyewe."

Kitinda hakubisha. Hakuwahi kumbishia dada yake. Aliketi akaendelea kujaza sufi. Wiki ijayo ilifika, lakini Kitinda alikuwa ameanza kutema damu. Walimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni kifua kikuu, na mapafu yameharibika sana. Dawa zilianza, lakini zilikuwa zimechelewa. Kitinda akafariki. Magodoro ya shule yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri mpaka darini.

Msibani Mama Mkubwa alisikia mtu akinong'ona nyuma yake, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Maneno yale yalimchoma. Alitaka kugeuka aseme kwamba hakuficha chochote. Ni kweli, hakuficha. Aliyapa maradhi jina jingine tu, jina alilolizoea, na sasa alijuta kuliko anayejuta kwa kuficha.

Mtu angedhani somo limeingia. Wapi! Madirisha yaliendelea kufungwa. Daktari alikuwa amewaambia waliokaa na marehemu waende kupimwa. Mama Mkubwa alisema watakwenda kilio kikipoa. Kumbe alikuwa anaogopa. Akikubali kwenda, atakuwa amekubali pia kwamba Bi Hodi alisema kweli.

Kisha Chiriku akanyamaza. Mtoto aliyekuwa akiongea hata na sahani yake, sasa alikaa kimya kibarazani. Hakumaliza chakula. Jioni mwili ulichemka. Akaanza kukohoa.

Bi Hodi alipokuja kuwaona, alimshika mtoto kipaji cha uso.

"Huyu naye vipi?"

"Ni vumbi," alisema Mama Mkubwa. "Labda sufi inamfikia."

Bi Hodi alimtazama kwa huruma. Hakupandisha sauti.

"Dada yangu," alisema, "na huyu pia anajaza magodoro?"

Mama Mkubwa alimgeukia mtoto. Chiriku hakuwahi kufanya kazi karakanani. Alikuwa mtoto wa shule. Kila usiku alilala ubavuni mwa mama yake, basi. Mama Mkubwa alijifunika uso kwa khanga akalia. Alipomaliza alimbeba mtoto mgongoni na kwenda naye kituoni, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia.

Daktari alimpima Chiriku, akampiga picha ya kifua. Kilikuwa kifua kikuu.

"Mmemwahi," alisema daktari. "Atakunywa dawa kila siku, miezi sita. Akipata nafuu msikatishe. Dawa ikikatishwa, ugonjwa unarudi kwa nguvu, na dawa zinaweza zisiufae tena."

Mama Mkubwa naye alipimwa, akakutwa mzima. Badala ya kufurahi aliona haya.

"Daktari," alisema, "karakanani kwangu kuna watu wengi wanaokohoa. Siwezi kuwaambia waje. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba ni sufi."

"Basi tutawafuata sisi," alijibu nesi aliyekuwa pale.

Safari hii kituo hakikutuma karatasi ya kubandika. Nesi alikuja na Bi Hodi, akaketi na wafanyakazi juu ya magodoro ambayo hayajashonwa. Kwanza akauliza, "Madirisha haya mnayafunga kwa nini?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

"Nesi," alisema Wakili, "tukifungua, sufi yote itahamia kituoni kwenu. Mtakuja kutushtaki kwa kuwajazia wodi."

Watu walicheka, na nesi pia.

"Nimeelewa," alisema. "Sisi tuliandika 'fungueni' bila kuijua kazi yenu. Na marehemu dada yenu alikuja kwetu tukamrudisha kwa sababu ya saa. Kwa hilo sina la kujitetea. Ila nisikilizeni. Mwenye kifua kikuu akikohoa, vijidudu vinabaki hewani. Chumba kikifungwa, wenzake wanavivuta. Hewa ikipita, vinapungua sana. Tufanyeje hewa ipite na sufi ibaki?"

Wakili akajikuna kichwa.

"Chandarua," alisema. "Mbu hapiti, sufi itapita?"

"Lakini si cha kulalia watoto!" Bi Hodi alimwahi. "Vile vilivyochakaa, mlivyokwisha kuviacha."

"Bi Hodi, sisi ni mafundi wa kushona. Tutaviunga."

Kisha Wakili akauliza lile lililokuwa moyoni mwa wote, na safari hii hakutania. "Na mtu akikutwa na ugonjwa huu, kazi hana?"

Wote walimtazama Mama Mkubwa.

"Kazi anayo," alisema. "Atapumzika mpaka daktari aseme arudi, na nafasi yake itamngoja. Mdogo wangu alikaa pale, kwenye kile kiti. Nilimwambia amalize magodoro kwanza. Sitamwambia hivyo mtu mwingine."

Wiki hiyo madirisha yalivikwa vyandarua na kufunguliwa. Bi Hodi aligawa vikopo vya makohozi. Asubuhi alivikusanya karakanani na kuvipeleka kituoni, hakuna aliyepoteza siku ya kazi. Majibu kila mtu alipewa peke yake. Wawili walikutwa wagonjwa, na mmoja wao alikuwa Wakili. Alibishana na nesi kuhusu ukubwa wa vidonge, lakini alivimeza. Baada ya wiki chache za dawa daktari alipima tena, akasema haambukizi, arudi kazini. Kituo nacho kilianza kupokea makohozi hata mchana.

Wengine walikuwa wanakohoa sufi kweli. Walifundishwa kujifunga kitambaa puani, na hewa ya madirishani iliwapunguzia. Wateja hawakukimbia. Mmoja aliomba ashonewe chandarua cha dirisha la duka lake.

Na Chiriku alirudi kuwa Chiriku. Mashavu yalijaa, shuleni alikemewa kwa kuongea darasani, na Mama Mkubwa alizipokea habari hizo kwa furaha. Kila asubuhi alimpa dawa kwa mkono wake, akamngoja ameze.

Siku waliporudi kituoni kuambiwa amepona, walitembea wameshikana mikono.

"Mama Mkubwa, dawa zimeisha?"

"Zimeisha, mwanangu. Umepona."

Chiriku aliruka dimbwi la maji, kisha akasimama.

"Mama angekunywa hizi mapema, naye angepona?"

Mama Mkubwa angeweza kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Angeweza kusema kwamba mtoto ataelewa akikua. Watu wengi wangemsaidia kusema hivyo.

"Ndiyo," alisema. "Angepona."

"Mbona hukumpeleka?"

"Nilidhani ni sufi."

Chiriku alifikiri kidogo.

"Ungemwuliza nesi."

Mama Mkubwa aliushika mkono ule mdogo kwa nguvu zaidi.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Ningemwuliza."