Mkono wa Mokeira

Jumatatu benchi za ile hospitali ndogo karibu na soko la Nyaramba hujaa mpaka mlangoni. Hapo ndipo muuguzi Mokeira, katika sare yake nyeupe na sweta ya buluu, alipokutana ana kwa ana na mzee ambaye Desemba angekuwa baba mkwe wake. Mzee Nyangate alikuwa amejikunja ndani ya koti lake la kanisani, jasho likimtiririka. Kando yake alisimama Bosire, mchumba wa Mokeira, mwenye duka la simu mjini Kisii.

"Malkia wangu," Bosire akasema, "mwite muuguzi mwenzako Duke ampime."

"Duke ameenda Kisii na ambulensi. Nitampima mimi."

"Wewe? Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe hata mkono, sembuse tumbo! Hiyo ni chinsoni, Moke."

Chinsoni, haya ile ya heshima kati ya wakwe, Mokeira alilelewa nayo. Lakini midomo ya mzee ilikuwa imepauka, na alipumua juu juu, akiogopa kulitikisa tumbo.

"Ukimgusa, sahau harusi," Bosire alinong'ona.

"Nimeshaisahau. Shika pazia hilo."

Akasugua viganja vipate joto. Akatazama tumbo, akasikiliza kwa stethoskopu: kimya. Kisha akaweka mkono. Lilikuwa gumu kama ubao, na alipoliachilia ghafla, mzee akapiga yowe. Utumbo umetoboka! Mokeira akapigia Kisii simu, daktari wa upasuaji akae tayari.

"Sasa hivi, si kesho!"

Mzee alifikishwa Kisii, akapasuliwa, akapona. Wiki tatu Bosire hakupiga simu. Mokeira alilia, maana alimpenda yule mjinga, lakini hakuomba msamaha. Wa nini?

Ndipo simu ikalia.

"Moke... Baba anakuita nyumbani. Wazee wa ukoo wako hapa."

"Wanihukumu?"

"Njoo tu, mpenzi. Nilikosea."

Akaenda amevaa gauni jekundu, kichwa juu. Mzee Nyangate, amekonda, akainuka mbele ya wazee wote, akamnyooshea mkono.

"Nyangate! Huyo ni mkamwana!" mmoja akamaka.

"Bila yeye mngekuwa mmekuja matangani. Anayeona aibu atoke nje."

Hakutoka mtu. Mokeira akaupokea mkono ule, na vidole vyake vikateleza hadi kwenye kifundo cha mkono wa mzee.

"Moke," Bosire akauliza kwa sauti ndogo, "Desemba bado ipo?"

"Ngoja. Nahesabu mapigo."

Akamngojesha dakika nzima, wazee wakitazama.

"Sabini na sita," akasema, akitabasamu. "Ipo."